Maziwa Huamuliwa Siku ya Kukata Majani

Katika miaka yangu ya kufuga ng'ombe wa maziwa nimezoea kugeuza kila gharama kuwa lita. Mfuko wa chakula cha kununua una lita zake, dawa ina lita zake, mshahara wa mkamuaji una lita zake. Ukihesabu hivyo, unaona upesi kwamba sehemu kubwa ya maziwa ya asubuhi imeshaliwa na chakula kabla hujabakiwa na chochote. Kwa kawaida chakula hubeba nusu hadi theluthi mbili ya gharama zote za kuzalisha maziwa. Anayetafuta faida kwingine kabla ya kulitazama hori anaanzia mbali.

Na ndani ya hori, kinachoamua mengi kuliko vyote ni majani. Nikisema majani nina maana ya malisho yote yenye nyuzi: nyasi, mikunde, mabua, hei (majani yaliyokaushwa) na saileji (majani yaliyoshindiliwa shimoni bila hewa ili yahifadhike). Wafugaji wengi ninaozungumza nao huanza na pumba na mashudu, kisha majani hujaza nafasi iliyobaki. Mimi naamini mpangilio uwe kinyume chake. Majani yawe chakula chenyewe, na cha mfuko kizibe pengo ambalo majani hayawezi kulifikia.

Kabla ya kuzungumzia ubora, kuna suala la maji yaliyomo ndani ya majani, kwa sababu hapo ndipo macho hudanganywa. Ng'ombe wa kilo 450 hula kwa siku kiasi cha asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 13 au 14. Kilo hizo huhesabiwa maji yakiwa yameondolewa. Wataalamu huita maada kavu. Mabingobingo, zile nyasi ndefu za kukatia mifugo, yakiwa mabichi yana maji asilimia 80, na yakiwa machanga au yamekatwa baada ya mvua huzidi hapo. Maana yake ni kwamba mzigo wa kilo 50 unaomlemea mtu kichwani una chakula halisi kilo 10 tu, pengine 8. Ili ng'ombe huyo ashibe kwa mabingobingo peke yake anahitaji kilo 65 hadi 80 kwa siku. Nimeona mazizi mengi ambako hori linaonekana limefurika asubuhi, na bado ng'ombe wanalala njaa kila siku ya mwaka, na mwenye ng'ombe analalamikia mbegu ya ng'ombe wake.

Kupima si kazi ngumu. Chukua gramu 100 za majani yaliyokatwakatwa, yaweke kwenye jiko la mikrowevu pamoja na glasi ya maji pembeni ili yasiungue, yakaushe kwa dakika chache, pima, rudisha, pima tena, mpaka uzito ugome kushuka. Zikibaki gramu 22, una asilimia 22 ya maada kavu. Asiye na mikrowevu anaweza kuyaanika kwenye jua kali mpaka yavunjike mkononi. Jibu litakuja karibu na hapo. Mimi hupima kila majira yanapobadilika, maana mzigo uleule wa majani hubeba chakula tofauti wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo ni siku ya kukata.

Kijana anayenisaidia shambani ana mkono mzuri na jicho zuri, na mara nyingi tunabishana mbele ya shamba la mabingobingo. "Mama, haya bado," huniambia. "Tukiyaacha kidogo tutabeba mara mbili." Ni kweli, tutabeba mara mbili. Siku moja nilimwomba akate shina moja pale tuliposimama na lingine kwenye kipande tulichokuwa tumekiacha kikapanda juu ya vichwa vyetu, ayapasue yote mawili kwa panga. La kwanza lilipasuka kwa ulaini, kisha tukahesabu majani: yalikuwa mengi kuliko shina. La pili lilikuwa gumu, na sehemu kubwa ya uzito wake ilikuwa kijiti. Nikamwambia, "Mwanangu, huu uzito ulioongezeka ndio huu wa kijiti. Atautafuna nani?"

Mmea unapozeeka, kuta za seli zake hujengwa kwa lignini, dutu ileile inayoufanya mti uwe mti. Vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe haviwezi kuivunja, na lignini hufunika nyuzi nyingine ambazo vingeweza kuzivunja. Chakula hukaa tumboni muda mrefu, tumbo halipati nafasi, na ng'ombe huacha kula ilhali bado ana upungufu. Wakati huohuo protini hushuka. Nyasi changa za kitropiki zilizotunzwa vizuri huwa na protini asilimia 10 hadi 12 ya maada kavu. Zikikomaa kupita kiasi hushuka mpaka 5 au 6. Chini ya asilimia 7 vijidudu vyenyewe hukosa naitrojeni ya kutosha kufanya kazi, na ulaji huanguka zaidi. Kwa hiyo ng'ombe anapewa chakula kibaya, na kwa sababu ni kibaya anakula kidogo. Hasara mbili kwa mkato mmoja uliochelewa.

Hesabu yake ni hii, na naomba kila mfugaji aifanye japo mara moja kwa kalamu. Ng'ombe wa uzito niliotaja anahitaji karibu megajuli 55 za nishati kwa siku kwa ajili ya kuishi tu: kupumua, kutembea, kuweka joto la mwili. Kila lita ya maziwa inahitaji nyingine 5 hivi. Mpe majani yaliyokomaa yenye megajuli 7.5 kwa kilo ya maada kavu. Kwa ugumu wake atakula kilo 11, apate megajuli 82. Toa 55 za kuishi, zinabaki 27, nazo ni lita 5 na nusu za maziwa. Mpe majani yaleyale yaliyokatwa kwa wakati, yenye megajuli 9.5. Atakula kilo 13, apate 123, abakiwe na 68. Hizo ni karibu lita 14. Ng'ombe hajabadilika, shamba halijabadilika, wala mfuko haujafunguliwa.

Pengo la lita 8 kati ya hali hizo mbili linaweza kuzibwa kwa chakula cha kununua, na itahitajika kilo 4 hivi kwa ng'ombe mmoja kila siku. Wengi huliziba hivyo. Ukigeuza kilo hizo 4 kuwa lita kwa bei za mahali ulipo, utajua kila siku ya kulisha majani yaliyocheleweshwa kisu inakugharimu nini. Na bado nimehesabu kwa upole, kwa sababu kadiri unavyomwongezea ng'ombe chakula cha mfuko ndivyo anavyopunguza kula majani, kwa hiyo kilo ya nne haileti maziwa kama ya kwanza.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1999 Oba na Allen walichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ya kulisha ng'ombe wa maziwa. Waliona kwamba kila asilimia 1 inayoongezeka katika uwezo wa nyuzi kumeng'enywa huambatana na ng'ombe kula kilo 0.17 zaidi ya maada kavu kwa siku na kutoa kilo 0.25 zaidi ya maziwa. Asilimia moja inaonekana ndogo. Lakini tofauti kati ya majani yaliyokatwa mapema na yaliyochelewa haiwi asilimia moja, huwa kumi na zaidi, na inajirudia kila siku ambayo ng'ombe anakamuliwa.

Simaanishi kwamba ukate mapema iwezekanavyo. Nyasi inayokatwa kabla haijarudisha akiba yake mizizini hudhoofika, magugu huingia, na baada ya misimu michache huna shamba. Kwa mabingobingo mimi hukata yakiwa na urefu wa mita moja hivi, ambayo kwenye mvua nzuri huwa wiki 6 hadi 8 tangu mkato uliopita, na naacha kisiki cha sentimita 10 au 15. Nawaomba vijana wasikwangue ardhi. Kile kisiki kinachoonekana kama majani yaliyotupwa ndicho kinachochipua haraka baadaye. Ili kila siku niwe na kipande kilicho katika umri mzuri, shamba limegawanywa vipande, na tunakata kwa zamu. Mvua inapozidi na majani yanakua kuliko ng'ombe wanavyoweza kula, siyaachi yakomae ili nije kulisha mabua wiki zijazo. Kilichozidi hukatwa siku yake ikifika na kuhifadhiwa.

Kuna deni ambalo wakataji majani hulisahau. Ukivuna tani 10 za maada kavu kutoka hekta moja, na majani hayo yakiwa na protini ya kutosha, umeondoa naitrojeni kilo 160 hadi 200, na potasiamu inayolingana na hiyo au kuizidi. Samadi ni lazima irudi kwenye kipande kilekile ilikotoka, mara baada ya mkato, na ifukiwe au imwagwe jioni au kukiwa na manyunyu, kwa sababu juani naitrojeni yake hupotea hewani. Samadi inayorundikwa nyuma ya zizi huku shamba la majani likigeuka njano huniumiza moyo kila ninapoiona, maana ile ni mbolea iliyokwisha kulipiwa.

Mikunde hufanya kazi ya samadi na ya mashudu kwa pamoja. Bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi yake huchukua naitrojeni ya hewani, na majani yake yana protini ambayo nyasi haiwezi kufikia. Lusani ikikatwa maua yanapoanza kuchungulia hutoa asilimia 18 hadi 20. Desmodiamu hutambaa vizuri katikati ya mistari ya nyasi na kufunika udongo. Mimi sitaki shamba la mikunde peke yake. Nataka kama robo au theluthi ya kile kinacholiwa kiwe mkunde, kwa sababu hapo ndipo mfuko wa mashudu unapoanza kudumu muda mrefu. Tahadhari yangu moja ni kwamba ng'ombe mwenye njaa asipewe lusani mbichi tupu, kwani anaweza kuvimba tumbo na kufa ndani ya muda mfupi. Apewe nyasi kwanza. Na wakati wa kuikausha, ishughulikiwe asubuhi ikiwa na unyevu kidogo, maana protini nyingi iko kwenye vijani vyake vidogo, na juani vijani hivyo hupukutika ukabaki na vijiti.

Saileji ndiyo iliyonipa utulivu wa mwaka mzima, nami huipenda kwa dhati, ila haisamehe uzembe. Kanuni yake ni kufukuza hewa. Bakteria wa asidi ya laktiki hufanya kazi bila oksijeni, hula sukari ya mmea na kutoa asidi inayoshusha pH (kipimo cha uchachu, ambacho kikishuka uchachu umepanda) hadi karibu 4, na hapo chakula hutulia kwa miezi, hata miaka, mradi hakijafunuliwa. Kila kinachoharibu saileji ni hewa iliyobaki, hewa iliyoingia, au maji yaliyozidi.

Mahindi ya saileji nakata maada kavu ikiwa asilimia 30 hadi 35. Kipimo cha shambani ni punje yenyewe: vunja hindi katikati, utazame mstari unaotenganisha sehemu ngumu ya wanga iliyo juu na sehemu ya maziwa iliyo chini. Mstari ukifika nusu ya punje au kupita kidogo, leta mashine. Ukikata mapema maji hutiririka kutoka kwenye shimo yakibeba sukari, na bakteria wabaya huchukua nafasi. Utawajua kwa harufu kali inayong'ang'ania mikononi hata baada ya sabuni. Ukichelewa, mabua huwa makavu, hayashindiliki, na ukungu huingia. Kipimo kingine cha haraka ni kuminya konzi ya majani yaliyokatwa kwa nusu dakika na kuiachia. Maji yakichuruzika, bado. Donge likifunguka polepole bila kulowesha kiganja, ndiyo siku yake. Likisambaratika papo hapo, umechelewa.

Vipande viwe vya sentimita 1 hadi 2, vitandazwe kwa tabaka nyembamba zisizozidi sentimita 15, kila tabaka likanyagwe mpaka kisigino kisizame. Katika kazi yote hii sehemu ya kukanyaga ndiyo inayochosha zaidi na ndiyo watu hufupisha. Nimeacha kuruhusu hilo. Ni bora tujaze pungufu siku hiyo kuliko tujaze shimo lote kwa majani yaliyolegea, kwa sababu shimo lililoshindiliwa vibaya, au lililofunikwa kwa plastiki yenye matundu, linaweza kupoteza robo ya chakula bila mwizi. Nyasi tupu ina sukari kidogo kuliko mahindi, kwa hiyo mabingobingo tunayaacha yanyauke kwanza, kisha tunanyunyizia molasi iliyozimuliwa. Baada ya wiki 4 hadi 6 tunafungua upande mmoja tu, na kila siku tunatoa sentimita 15 au zaidi kwenye uso wote ulio wazi, kwa kukata wima. Anayechimba katikati kama mtu anayechota unga guniani anaingiza hewa kwenye chakula cha wiki nzima ijayo. Uso wa saileji ukiwa na joto unapougusa, kuna chakula kinachoungua mle ndani. Na iliyoota ukungu haingii horini kabisa, hata kama ni nyingi na inaumiza kuitupa. Sumu za ukungu huweza kupita hadi kwenye maziwa.

Kuhusu hei nina neno moja. Isifungwe ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 15, maana itapata ukungu, au ipate joto hadi iwake moto. Weka konzi ya hei iliyokatwakatwa kwenye chupa kavu pamoja na kijiko cha chumvi kavu, utikise kwa dakika moja. Chumvi ikishikamana vidonge, rudisha hei juani.

Majani mazuri yanaweza kupotea hatua ya mwisho, horini. Mabingobingo yasiyokatwakatwa huchambuliwa: ng'ombe hula vijani, mabua huyakanyaga, na unaweza kukuta sehemu kubwa ya mzigo ipo chini ya kwato. Yakikatwa vipande vya sentimita 2 hadi 5 hubaki machache. Yasisagwe kama unga, kwa sababu nyuzi ndefu kiasi ndizo zinazomfanya acheue, na mate ya kucheua huzuia asidi kupanda tumboni. Nikitaka kujua kama mgawo uko sawa, napita zizini saa za mapumziko na kuwatazama waliolala. Zaidi ya nusu wawe wanacheua. Wakiwa pungufu, na mafuta ya maziwa yameshuka, najua cha mfuko kimezidi na nyuzi zimepungua. Pia natazama kinyesi. Kikiwa kigumu chenye tabaka kama udongo mkavu, protini haitoshi, na kikiwa cha majimaji chenye punje nzima, chakula kinapita bila kutumika.

Hori lisiwe tupu usiku. Nataka asubuhi kubaki masalia kidogo, asilimia 3 hadi 5 ya kilichowekwa. Hori lililolambwa likang'aa linafurahisha watu, lakini ng'ombe aliyelilamba alikuwa bado anataka kula. Masalia husogezwa kwa mitamba, hori hufagiliwa, kisha majani mapya huwekwa. Na maji yawe mbele yake saa zote: ng'ombe anayekamuliwa vizuri hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, na akikosa maji hupunguza kula siku hiyohiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu ni la mistari michache: maziwa ya kila ng'ombe, kilo za chakula cha kununua, kipande kilichokatwa na tarehe yake. Kila wiki natoa lita zilizolipia chakula kutoka kwenye lita zilizokamuliwa, na kinachobaki ndicho ninachokitazama. Kuna wiki maziwa yanapanda na kinachobaki kinashuka, kwa sababu kupanda kulinunuliwa. Kuna wiki maziwa yanashuka lita chache, mifuko imepungua sana, na nyumba imepata zaidi. Bila ile hesabu ningeisifu wiki isiyostahili.

Daftari hilohilo ndilo lililonifanya nipunguze ng'ombe. Chukua shamba linalotoa majani ya kutosha megajuli 320 kwa siku. Ukilisha ng'ombe wanne, kila mmoja anapata 80. Kuishi tu kunakula 220, zinabaki 100, nazo ni lita 20 kwa zizi zima. Majani hayohayo ukiwapa watatu, kuishi kunakula 165, zinabaki 155, nazo ni lita 31. Ng'ombe wa nne alikuwa anakula maziwa ya wenzake, na ana kazi yake ya kukamuliwa, kuoshwa na kutibiwa juu ya hapo. Kumuuza ng'ombe anayekamuliwa ni uamuzi mzito, na majirani watauliza kama umepatwa na shida.

Kwa hiyo siku hizi idadi ya ng'ombe naipanga kutoka kwenye majani. Mwishoni mwa mvua tunapima mashimo. Ng'ombe mmoja atakayehitaji kilo 10 za maada kavu kwa siku kutoka kwenye saileji, kwa siku 120 za ukame, anahitaji kilo 1,200. Saileji ikiwa na maada kavu asilimia 30, hizo ni tani 4 za kubeba, na nikiweka akiba ya hasara nataka tani 5. Kila mita ya ujazo iliyoshindiliwa kwa miguu nahesabu kilo 500 hadi 600, kwa hiyo ni mita za ujazo 8 hadi 10 kwa kila kichwa. Tunagawanya tulicho nacho kwa kiasi hicho. Jibu likija pungufu, mtamba au ng'ombe wa maziwa machache huuzwa wakati bado ana nyama na majani bado ni ya kijani, kabla wafugaji wote hawajapeleka wao sokoni kwa pamoja.